Mgeni Aliyeogopa Salamu

Katika kanisa lao pale Malindi hapakuwa na mtu aliyekisema Kiswahili kama Mbeyu, na kama kulikuwa na asiyelijua hilo, Mbeyu mwenyewe alimjulisha. Kwao ni Marafa, kwa Wagiriama wa kulima mahindi na mihogo, na Kiswahili alikikuta mjini alipoolewa mtaa wa Shella. Alijifunza kwa masikio na kwa ubishi, akishinda barazani kwa jirani yake Widad, ambaye watu wake walitoka visiwa vya kaskazini na walisema kana kwamba kila neno limekogeshwa kwanza likatiwa manukato. Haikupita miaka mingi, mwanafunzi akampita mwalimu. Harusini Mbeyu ndiye aliyetoa neno. Msibani ndiye aliyewashukuru watu. Na Jumapili, Mchungaji Fondo alipomwita mbele aongoze sala, waumini walifumba macho wakatulia, wakijua leo Mungu ataombwa kwa heshima zake zote.

Kumbe Mungu alikuwa haombwi. Sipendi kumsengenya mama wa watu, lakini ukweli usemwe: tangu Kahaso afe, sala zile zilikuwa mdomo mtupu. Kahaso alikuwa binti yake wa pekee. Homa ilimshika mwanzo wa juma, na juma halikwisha akazikwa. Mumewe Mbeyu alikuwa ametangulia zamani, kwa hiyo nyumba ikabaki na mtu mmoja na cherehani moja. Tangu mazishi Mbeyu hakulitaja tena jina la mwanawe. Alisema “marehemu,” alisema “mtoto,” akibanwa sana alisema “yule.” Kanisani aliomba watu wakalia, nyumbani alizima taa akalala bila kumwambia Mungu hata usiku mwema.

Ndipo kanisa likatangaza hija. Safari ilikuwa ya kwenda kaskazini mwa Uganda, katika kijiji ambacho vita vilikuwa vimekaa juu ya migongo ya watu miaka na miaka. Vita vilikwisha, watu wakarudi kutoka makambini, wakajenga, wakalima, wakaoa. Na kila mwaka Wakristo wa huko hutembea kwa miguu kutoka mtoni hadi kanisa lililochomwa moto na kujengwa upya, na njia nzima kila mtu huwaita wafu wake kwa majina, kwa sauti ya juu, bila kuona haya. Mgeni naye huruhusiwa kuwaita wa kwake.

Mbeyu aliposikia hayo moyo ulimruka. Alitaka kwenda kuliita jina la Kahaso. Pale Malindi lilikuwa limemkwama kooni, lakini huko, kati ya watu waliozoea kuita, huenda lingetoka. Hilo tu ndilo alilolitaka, na alilitaka kuliko alivyopata kutaka kitu chochote tangu siku ya mazishi.

“Hee! Kumbe nanyi mna hija?” Widad alimtania walipokuwa wakichambua mchele.

“Tunayo, shoga. Ila haina Zamzam.”

“Basi niletee hata mchanga wa huko nijue kweli ulikwenda. Wewe nakujua, utaishia Mtwapa kwa dada yako.”

Mchungaji Fondo naye alimchagua Mbeyu ndiye atoe salamu za watu wa pwani siku ya matembezi. Mbeyu alizitunga salamu zile huku akishona, akazipanga na kuzipangua, na zilipokamilika zilikuwa ndefu kuliko hotuba ya kumwapisha mtu. Lakini kabla ya hapo wenyeji wao walikuwa waje kwanza. Wageni wachache kutoka kijiji kile wangelala juma moja katika nyumba za waumini wa Malindi, wauone mji na bahari, kisha wote waondoke pamoja na mahujaji katika basi moja. Mbeyu alipangiwa bibi mmoja mjane, jina lake Lakot.

Alimwandalia kama biarusi. Alitandika shuka nyeupe, akaweka asumini juu ya mto wa kulalia, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na Widad akaleta udi wake mwenyewe akafukiza chumba. Ilipofika alasiri Mchungaji Fondo akamfikisha mgeni mlangoni, akaaga haraka aende kuwapeleka wengine.

Lakot alikuwa mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa chini, amevaa gauni la gomesi lenye mabega yaliyosimama. Mkononi alishika kikapu kilichofungwa kanga. Alitabasamu. Mbeyu naye akatanua mikono, akajaza kifua pumzi, akaachia.

“Karibu mama, karibu sana! Pita ndani! Weka mzigo chini, ukae kitako, upumzike! Usiogope, hapa umefika kwako!”

Kikapu kilianguka. Lakot aliurudia ukuta kinyumenyume, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akaweka mikono yote miwili kichwani. Alitazama chini. Hakulia, hakupiga kelele. Alikaa hivyo kama mtu anayeijua kazi hiyo.

Mbeyu alidhani ni joto. Wageni wa bara wakifika Malindi hufanya mambo. Akainama karibu yake, akalainisha sauti, akamimina asali yote aliyokuwa nayo: pole mama, pole mwenzangu, una nini, sema nami. Kadiri alivyobembeleza ndivyo Lakot alivyozidi kujikunja. Widad akaja mbio na glasi ya maji ya ndimu, naye akaongeza yake: “Kunywa mama, kunywa kidogo, inuka basi!” Ikawa ndimi mbili tamu kuliko zote za mtaa ule zimemwangukia mama mmoja maskini, na kila neno la huruma likimpigilia msumari.

Aliyewaokoa ni Adong. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mmoja wa wageni, aliyewahi kuuza nguo Nairobi miaka kadhaa na ndiye aliyekuwa mkalimani wa msafara wao. Alikuwa amekuja kuleta dawa za macho za Lakot. Alipoyaona hayo pale mlangoni aliweka dawa chini. Alipiga magoti, akasema maneno machache ya Kiacholi, akaushika mkono wa kulia wa yule bibi akaushusha, kisha akaushusha wa kushoto. Akamnywesha maji. Akamlaza. Halafu akatoka uani, ambako Mbeyu na Widad walikuwa wamesimama kama watoto waliovunja sahani.

“Mama, si wewe,” alisema Adong. “Ni lugha.”

“Lugha gani?”

“Hii. Kiswahili.”

Mbeyu alimtazama asielewe.

“Kwetu sisi, kwa wazee, Kiswahili hakikuletwa na mwalimu. Hakikuletwa na mtu wa duka. Kililetwa na watu wa bunduki. Leo wanakuja hawa, kesho wanakuja wale, lakini wakifika kwa mlango wanasema hicho hicho. Mtoto akisikia mtu anasema Kiswahili nje, anaingia kwa majani. Mimi nilikwenda Nairobi, nikasikia watu wanauziana nyanya kwa Kiswahili, wanachekeshana, nikapona. Yeye hajatoka kijijini.”

“Na njiani, kwenye basi?” Widad aliuliza.

“Njiani tulikuwa tunaimba. Watu walisema mbali. Nilimuuliza kabla hatujatoka, mama, huko ni Kiswahili tupu, utaweza? Akasema hayo ni ya zamani, yamekwisha. Mwenyewe hakujua kama hayajakwisha. Mnisamehe. Sisi kwetu jambo hili linajulikana sana, ndiyo maana hakuna mtu anafikiria kulisema.”

Mbeyu, mtu wa maneno, aliutazama mlango wake. Alikuwa na hakika maisha yake yote kwamba hakuna kitu kizuri alichonacho kuliko kile anachomkaribishia mgeni mlangoni. Aliona haya. Aliona haya kama aliyemmwagia mgeni maji ya moto akidhani anamnawisha mikono.

Adong alisema atamhamisha. Kulikuwa na nyumba ya mwalimu mmoja kutoka bara, jina lake Waruguru, ambako walisema Kiingereza tu kutwa; huko bibi angetulia.

“Hatoki hapa,” alisema Mbeyu, kwa sauti ya chini. “Mgeni wangu ahame kwa ajili ya ulimi wangu? Nitanyamaza.”

Widad alimgeukia macho yamemtoka. “Wewe? Unyamaze? Juma zima?”

“Na wewe pia.”

“Mimi tena! Nisemeje basi, nibweke?”

Lakini Widad ni mtu wa moyo, tena akishika jambo halimponyoki. Kabla ya magharibi alikuwa ameshapita nyumba zote za kichochoro kile, Waislamu kwa Wakristo, akieleza kwa kunong'ona, na kila alikoingia watu walitoka wamefunika vinywa. Redio zikapunguzwa. Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe vyake bila kunadi. Adhana haikuwa na neno, kwa kuwa ni Kiarabu. Aliyepata taabu hasa ni Uweis, mumewe Widad, ambaye kazi yake tangu astaafu bandarini ilikuwa kukaa barazani na kubishana na kila apitaye. Akaamua kusema Kigiriama. Tatizo ni kwamba Kigiriama chake chote alikichuma sokoni, na kilikuwa cha kununulia nazi. Basi kila asubuhi Lakot akitoka kuota jua, Uweis alisimama, akaweka mkono kifuani, akamuuliza kwa adabu kubwa kama nazi zake zimekomaa. Lakot naye alimjibu kwa Kiacholi, kwa adabu vilevile, na wote wawili wakaridhika. Mbeyu alikuwa akikimbilia jikoni kuvunjika mbavu kimyakimya.

Ndani ya nyumba walielewana kwa mikono. Mbeyu alipolazimika kusema alisema Kigiriama chake cha Marafa, ambacho alikuwa amekiweka kando tangu aolewe, kama mtu aliyeweka jembe alipopata cherehani. Kilimtoka kwa kukwaruza mwanzoni. Hakikuwa na mapambo. Kilikuwa na maji, moto, kula, njoo, mvua, mtoto. Lakot alimjibu kwa lugha yake, na siku zilivyokwenda mikono ya mgeni ikaacha kushtuka mlango ukigongwa. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kiupande kama mtu aliyepanda punda, akacheka hadi machozi. Alifungua kikapu chake akatoa ufuta uliosagwa na karanga, Mbeyu akautia kwenye mchicha wa nazi, wakala kutoka sahani moja. Siku walipomteremsha pwani aliyaonja maji ya bahari, akayatema, akamtazama Mbeyu kwa jicho la lawama kana kwamba ni yeye aliyeyatia chumvi.

Jambo lililomkosesha Mbeyu raha ni sala za Lakot. Bibi yule aliamka alfajiri, akapiga magoti sakafuni, akaanza. Kwa masikio ya Mbeyu haikuwa sala hata kidogo, ilikuwa ugomvi. Lakot alipiga sakafu kwa kiganja, akauliza jambo, akangoja, akauliza tena. Akaguna kama mtu ambaye jibu halikumtosha. Mara nyingine alinyamaza muda mrefu, akacheka kidogo puani, akasema “Apwoyo,” ambalo Mbeyu alikwisha kujua ni asante, akainuka kwenda kuwasha jiko. Adong aliwahi kumweleza Mbeyu kuwa Lakot alikuwa na watoto watano na sasa hana hata mmoja, na kwamba huwataja mmoja mmoja kila siku ya Mungu ili Mungu asije akajidai amesahau.

Asubuhi moja Mbeyu alishindwa kuvumilia chumbani. Alitoka, akapiga magoti kando ya mgeni wake. Alitaka kusali kimoyomoyo, na maneno yakaja yenyewe, yale mazuri ya Jumapili, Ewe Mwenyezi uliyetukuka, na palepale akakumbuka kwamba lugha hiyo ameifungia. Akaiacha. Akatafuta nyingine, na iliyokuwapo ni moja tu, ile ambayo mama yake alimfundishia kumwomba Mulungu mvua. Hakuwa na maneno mengi ndani yake. Kwa Kigiriama cha mtoto mdogo akamwambia Mulungu kwamba amemchukua mwanawe na hakumuuliza. Akamwambia kwamba amemkasirikia. Akamwambia kwamba nyumba ni kubwa mno usiku. Basi yakamfunguka yote aliyoyaziba tangu mazishi, akalia kwa sauti mbaya, ya kukwama na makamasi, si ile ya kistaarabu ya mbele ya watu. Lakot hakumbembeleza. Alisogea tu mpaka mabega yao yakagusana, akaendelea na ugomvi wake na Mungu pale alipoachia.

Ila jina halikutoka. Mbeyu alilijaribu, likafika kinywani likarudi. Akajipa moyo: litatoka kule, njiani, kati ya mto na kanisa.

Na hapohapo, akiwa bado anajifuta uso kwa ncha ya leso, ndipo wazo lile lilipomwingia. Kule. Yeye kule atasema nini? Atafika kijiji kizima cha akina Lakot, wazee wamekaa safu kwa safu, na yeye asimame mbele yao ajaze kifua pumzi. Aliona mikono ikipanda vichwani mmoja baada ya mwingine.

Siku hiyohiyo alimfuata Mchungaji Fondo ofisini kwake.

“Nafasi yangu mpe mwenzetu Mumbua,” alisema. “Mimi siendi.”

“Mama Mbeyu, kuna nini? Mkalimani tunaye.”

“Mkalimani hutafsiri maneno, Mchungaji. Sauti haitafsiriwi. Ulimwona mgeni wangu siku ile? Hukumwona. Mimi nilimwona.”

“Basi usitoe salamu. Nenda kimya, tembea na wenzako.”

“Mimi?” Mbeyu alicheka bila furaha. “Mchungaji, unanijua. Nikiona mtoto ameanguka nitasema pole kabla sijajua nimesema. Ulimi huu niliulea mwenyewe. Nimemtia hofu mama mmoja ndani ya nyumba yangu, yatosha. Sitawapelekea mlangoni kwao.”

Mchungaji Fondo alisukuma kando karatasi zake. Ndiye aliyemzika binti yule, na alijua Mbeyu alikuwa akienda kwa sababu gani.

“Na Kahaso?” aliuliza taratibu.

“Usimtaje,” alisema Mbeyu, akainuka.

Siku ya safari ilipofika alimfungia Lakot kikapu: nazi mbili zilizofuliwa, kanga mpya, chupa ya achari ya embe kutoka kwa Widad. Walikumbatiana pale uani muda mrefu. Adong alikuwa amemweleza Lakot kwamba mwenyeji wake hatapanda basi, na pia sababu yake, kwa maana aliulizwa akashindwa kuficha. Lakot alirudi nyuma hatua moja. Alimshika Mbeyu mashavu kwa viganja vyake vikavu, akamtazama, kisha akaondoka na Adong kuelekea kanisani, ambako basi lilikuwa likipakiwa.

Mbeyu alirudi ndani. Mkoba wake wa safari ulikuwa bado umefungwa kando ya mlango. Hakuwa na nguvu ya kuufungua. Akaketi kwenye kiti cha cherehani, akashika tama. Kichochoro kilikuwa na kimya kile walichokizoea juma zima, na sasa kilimwelemea. Alisikia honi ya basi kwa mbali, ile ya kuwaita watu. Akafikiri kwamba mwakani atakuwa amezeeka kwa mwaka mmoja zaidi, na jina litakuwa limezama zaidi, na siku moja litafika chini kabisa mahali ambapo hata yeye mwenyewe hatalifikia. Akaumia. Hakulia, maana machozi ya alfajiri ile yalikuwa yamemchukua akiba yote.

Alisikia hatua uani. Akadhani ni Widad amekuja kumliwaza.

Alikuwa Lakot. Amerudi peke yake, kutoka kanisani hadi pale, kwa vichochoro ambavyo hakuvijua. Alihema. Nyuma yake, mlangoni pa uani, Widad alikuwa amesimama na mwiko mkononi, amemfuata kwa hofu kwamba kuna jambo.

Lakot alisimama mbele ya kiti cha cherehani. Midomo ilimcheza, kama mtu anayetaka kumeza kidonge kikubwa. Mikono yake ilianza kupanda kuelekea kichwani, yenyewe, kwa mazoea, akaishusha. Ikapanda tena, akaishusha, akaifungamanisha mbele ya tumbo. Kisha akasema, kwa Kiswahili:

“Simama.”

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito na kavu, sauti ya mwanamume aliye mlangoni, kwa kuwa neno hilo alilipokea hivyo na hakuwahi kulisikia likisemwa vingine. Widad alishika kifua. Mbeyu aliganda kitini. Alielewa mara moja kwamba mgeni wake ana maneno machache ya Kiswahili, na akaelewa ni nani aliyemfundisha, na alimfundisha saa ya namna gani.

Lakot alipiga hatua moja mbele. Akanyoosha kidole kwenye mkoba uliokuwa kando ya mlango.

“Beba,” alisema. Sauti ilivunjika katikati ya neno, na nusu iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe.

La tatu lilichukua muda. Mbeyu alitaka kumwambia basi, mama, yatosha, lakini hakuwa na lugha ya kumwambia, na hata angekuwa nayo asingethubutu kumkatiza. Lakot akanyoosha mkono, kiganja kikiwa wazi, na hili likatoka polepole, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aliyegoma kwenda shule.

“Twende.”

Mbeyu akasimama. Akabeba.

Walipopita mlangoni Widad alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mara juma zima la kunyamaza likampasuka. “Nendeni jamani, nendeni, basi litawaacha!” alipiga ukelele kichochoro kizima kikasikia, kisha akaziba kinywa kwa mwiko. Lakot aliruka kidogo. Alimgeukia, akamtazama mwanamke yule na mwiko wake na machozi yake, akaitikia kwa kichwa.

Waliingia njia kuu wameshikana mkono. Mbeyu alijua hana haki ya kunyamaza tena. Mwenzake alikuwa ametia mkono mahali pabaya kuliko pote katika maisha yake, akamtolea maneno matatu ili yeye aweze kwenda. Na yeye ana maneno mangapi, yote alipewa barazani, kwa vicheko, na sahani ya mahamri. Akafungua kinywa. Hakujaza kifua pumzi. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya watu wawili wanaotoka sokoni.

“Mama,” alisema kwa Kiswahili, “mimi nilikuwa na binti. Alikuwa akiitwa Kahaso.”

Jina lilitoka. Mbeyu alilisikia likikaa hewani, akalisema tena ili aamini. Kahaso. Akaendelea, kwa kuwa sasa hakuna la kumzuia: kwamba Kahaso alipenda ukoko wa wali kuliko wali wenyewe, kwamba alikuwa mvivu wa kufua na hodari wa kudanganya, kwamba alicheka kwa kukoroma, kwamba siku ya mwisho aliomba afunguliwe dirisha. Alimsimulia yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, njia nzima mpaka kwenye basi. Lakot hakuelewa hata moja. Mwanzoni vidole vyake vilikuwa baridi na vilitetemeka kila sentensi ilipoanza. Mkono hakuutoa.